Nilivyobadilishwa kwa Gunia la Mahindi

Muhula uliopita binti yangu Rwamba aliketi mezani na kazi yake ya shule, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, hili neno change limetoka wapi?" Mwalimu wao alikuwa amewaambia wachague kitenzi kimoja cha Kiingereza, waandike maana zake zote wanazozijua, kisha watafute asili yake. Yeye alichagua change kwa sababu, alivyosema, ni fupi na kila mtu analijua. Nikacheka kidogo. Akauliza nacheka nini, nikamwambia aendelee na kazi yake.

Watu wengine wakilisikia neno hilo wanafikiria chenji, zile sarafu ambazo makanga wa matatu hujifanya amezisahau. Mimi inanijia harufu ya kiondo, kikapu chetu cha kusuka: mkonge uliokauka juu ya moshi, vumbi la mawele, na kitu kitamu kwa mbali ambacho nadhani ni asali iliyowahi kumwagika humo. Kiondo chenyewe siku hiyo kilikuwa kikining'inia hapa jikoni kwangu, Embu mjini, kwenye msumari nyuma ya mlango. Kilikuwa hapo tangu tulipomzika Tata, dada mkubwa wa mama yangu. Kilikuwa kitupu, na kila nilipopita nilikiona kitupu, na kwetu hilo si jambo la kukaa nalo raha.

Nieleze, maana watoto wa leo wanatembeleana na mifuko ya supamaketi na hakuna anayejali mfuko ulienda wapi. Sisi tulilelewa tukijua kwamba mtu akikuletea kitu ndani ya kiondo, kiondo chake hukirudishi kikiwa hakina kitu. Amekuletea ndengu, wewe unatia hata viazi vitatu. Huna viazi, tia kuni kavu, tia majani ya chai kwenye karatasi, lakini tia. Mama yangu angeweza kukusamehe matusi, lakini si kiondo kitupu. Hivyo tangu nikiwa mdogo sana nilikuwa na macho ya kukagua: kimeingia nini, kimetoka nini.

Nyumbani kwetu ni Mbeere, upande wa Ishiara, ambako jua halina adabu. Mwaka ninaousimulia mvua ilitukosa, na msimu uliofuata ikatukosa tena. Baba alihamisha mbuzi akawapeleka upande wa Kiambere, karibu na maji ya Mto Tana, na habari zake tulizipata kwa watu waliopita. Tuliobaki nyumbani ni mama, mimi, na ndugu yangu Njeru ambaye alikuwa bado ananyonya. Tulikula mahindi ya njano ya msaada, ambayo mpaka leo nikiyaona nakaza uso. Yalipokwisha tulikunywa uji mwepesi, na mama akawa na tabia ya kusema ameshakula wakati sisi tulikuwa hatuna haja ya kuambiwa kitu, kwa sababu sufuria tuliiona wote.

Asubuhi moja alinipaka mafuta miguu yote mpaka juu ya magoti. Hilo kwetu lilikuwa jambo la Krismasi. Akachukua kiondo, akatia mawele yaliyobaki kwenye kibuyu, akatia na chupa ndogo ya asali. Njeru akamwacha kwa jirani. Nikamuuliza tunaenda wapi.

"Kwa Tata. Nkubu."

"Tunarudi lini?"

"Vaa viatu," akasema.

Nkubu ni juu, kule Meru, na mtoto wa Ishiara akifika huko kwanza anashtuka kwamba ardhi inaweza kuwa na rangi ya kijani mpaka kwenye miguu ya nyumba. Migomba ilisimama kila mahali. Kahawa ilipanda mlima kutoka nyuma ya jiko la Tata mpaka barabarani, na kulikuwa na njia nyembamba iliyopita katikati yake ikapinda kona kabla ya kufika juu. Tata alitupokea pale uani, akanishika uso kwa mikono miwili akanitazama kama mtu anayesoma. Mumewe, Mzee Mutwiri, alishika kofia akaisogeza tu upande mwingine wa kichwa, ndiyo ilikuwa salamu yake. Tata hakuwa na mtoto. Hilo nililijua kama nilivyojua kwamba Mzee Mutwiri ana kofia. Halikuwa na uzito wowote kwangu.

Jioni hiyo nilikula mukimo, ndizi na mahindi yaliyopondwa pamoja, mpaka tumbo likauma. Nikajilaza kwenye ngozi kando ya moto, macho nimefumba, na mama na Tata wakaanza kuongea Kimbeere kwa sauti za chini. Nayatia kwa Kiswahili hapa, lakini maneno nayakumbuka.

"Umeniletea kitu kikubwa," Tata alisema. "Siwezi kukuacha uende mikono mitupu."

"Ni wako pia," mama akajibu.

Kulipokucha kiondo cha mama kilikuwa mlangoni kimefura kwa ndizi na mizizi ya nduma. Mzee Mutwiri alikuwa amepakia gunia la mahindi kwenye wilbaro na kulipeleka barabarani. Mama alinishika bega. "Msikilize Tata. Usiwe mtoto wa kuitwa mara mbili." Kisha akapachika mkanda wa kiondo kwenye paji la uso, akainama, akaishika ile njia ya kahawa. Nilisimama nikingoja ageuke. Nilijiambia atageuka akifika kwenye mti wa mparachichi. Akaupita. Nikajiambia atageuka kwenye kona. Kitambaa chake chekundu cha kichwani kikafika kwenye kona, kikapinda nayo, kikapotea.

Mimi basi nikafanya hesabu niliyofundishwa kufanya. Mawele yaliingia, nduma zikatoka. Asali iliingia, ndizi zikatoka. Mimi niliingia, na gunia la mahindi likatoka. Ilikaa sawa kabisa.

Sitawaficha, siku za kwanza nilijivuna. Gunia zima lilikuwa kitu. Jirani wa Tata alibadilisha ndama wake kwa mizinga miwili ya nyuki na watu wakasema amepunjwa, nami nikajiona nimetoka kwa bei nzuri kuliko ndama. Halafu nikamfikiria Njeru, ambaye sasa alikuwa anakula ugali wa lile gunia huku akimnyonya mama yangu, na majivuno yakaisha. Usiku Tata aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu mpaka nilale. Mimi nilifumba macho haraka ili aende, nipate kulia bila kuonekana.

Wala msidhani niliteswa. Lingekuwa jambo rahisi kusimulia kama ningeteswa. Nilikunywa chai yenye maziwa hata siku ambazo si Jumapili. Tata alinipeleka shule akiwa ameshika mkono wangu, mimi wa darasa la nne, na wenzangu walicheka. Pale shuleni jina langu Wawira likawa Kawira, kwa sababu ndivyo Wameru wanavyolitamka, na hakuna aliyeniuliza. Mwalimu aliandika Kawira kwenye daftari la mahudhurio. Tata mwenyewe, baada ya wiki chache, akaanza kuniita Kawira. Kila mara niliitika, na kila mara niliona kitu cha Ishiara kimetolewa na cha Nkubu kimewekwa mahali pake.

Tata akanipa kuku. "Mtoto wa nyumba hii lazima awe na kuku wake," alisema. Alikuwa mweusi, shingo tupu isiyo na manyoya, mbaya wa sura na mkali hata kwa mbwa. Nilimpenda siku ile ile. Nilipompenda nikaingiwa na hofu, maana nilielewa kwamba mtu hapewi mali mahali ambapo yeye ni mgeni.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Mwalimu Kanana. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye kamusi nene ambayo jalada lake lilishikiliwa na plasta ya kufungia vidonda. Alipewa na sista mmoja mzee wa hospitali ya misheni. Kamusi hiyo haikuishia kwenye maana. Ilieleza kila neno lilikotoka, na Mwalimu Kanana alipenda sehemu hiyo kuliko zote. "Maneno nayo yana kwao," alituambia. "Si ukifika kijiji cha watu unaulizwa wewe ni wa ukoo gani? Na neno tuliulize."

Siku moja aliandika change ubaoni, akatuambia tumpe maana. Mvulana wa mbele akasema ni kuvua shati la shule na kuvaa la nyumbani. Mwingine akasema ni kuvunja noti dukani. Msichana mmoja ambaye dada yake alisoma Nairobi akasema ni kushuka gari moja pale Embu na kupanda lingine. Wengine wakataja hali ya hewa, wengine mtu kubadili nia. Mvulana mkubwa wa nyuma akasema ni sauti, na kwa kuwa yake ilipasuka katikati ya neno, darasa zima likaangua kicheko pamoja na mwalimu. Nilishangaa neno dogo hivyo kubebeshwa kazi zote hizo, kama punda wa siku ya soko.

"Sasa tuliulize kwao," Mwalimu Kanana akasema, akafungua kamusi. "Waingereza hawakuzaliwa nalo. Walilipata kwa Wafaransa. Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Na huko lilikuwa neno la sokoni. Maana yake nipe hiki nami nikupe hiki. Kubadilishana mali kwa mali, kama mama zenu wanavyofanya na watu wa chini, kule kwenye joto, wanaoleta ndengu." Akanitazama kwa upole, kwa sababu mimi ndiye mtu wa chini pekee darasani. "Hata kabla ya hapo, wataalamu wanadhani…"

Aliendelea kusoma, lakini mimi sikumsikia tena. Nilikuwa nimetazama ubao. Kwa hivyo jambo hilo lilijulikana. Lilifanyika tangu zamani, huko Ulaya na hapa, na lilikuwa na jina, na limeandikwa kitabuni. Kama bado nilikuwa na shaka kidogo kuhusu ile hesabu yangu, kamusi ya Mwalimu Kanana iliimaliza.

Kengele ilipolia nilimngoja mlangoni. "Mwalimu, kitu kilichobadilishwa kinaweza kurudishwa?"

"Kinaweza, kama wote wawili wamekubali na kila mmoja amerudisha chake."

"Na kama kile cha upande mwingine kimeshaliwa?"

Nadhani aliona ni udadisi tu wa mtoto wa shule. "Basi itabidi wakubaliane kingine cha thamani ile ile," akasema.

Hapo nikapata kazi. Gunia la mahindi mama hangeweza kulirudisha, ningelirudisha mimi. Nilimwomba Tata kipande cha ardhi nyuma ya jiko, nikapanda maharagwe. Mayai ya kuku wangu sikuyala hata moja, nikamwacha ayalalie. Vifaranga walipoanguliwa niliwalinda dhidi ya mwewe kwa kelele ambazo Mzee Mutwiri alisema zinamwamsha hata akiwa shambani. Nilipalilia asubuhi kabla ya shule. Nilichota maji bila kutumwa.

Tata alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Alisimama mlangoni mikono kiunoni akinitazama nikilima, akawaambia majirani, "Mwaona? Mtoto ameipenda nyumba." Akaninunulia jembe la mpini mfupi. Akaanza kunifumia sweta la buluu, akanipimia mgongoni, na nilipomwambia mikono ni mirefu sana akasema, "Utakua ndani yake." Mimi nikawaza kwamba hilo nalo ni deni la kuongezwa juu ya gunia, nikapanda mstari mwingine wa maharagwe. Kadiri nilivyojitahidi kuondoka ndivyo yeye alivyozidi kuamini nimekaa.

Kisha ikaja mvua. Wa rika langu mnaikumbuka, ile iliyoitwa El Nino, jina ambalo tulilitamka kama jina la mtu mkorofi. Mvua yote tuliyoililia ikaja kwa mkupuo. Redio ya Mzee Mutwiri ilisema mito imejaa na madaraja yamebebwa. Mama alituma ujumbe kwa mtu kwamba angekuja shule zikifungwa; shule zikafungwa na hakuja. Nilikaa kwenye baraza nikitazama ile kona ya kahawa mpaka Tata akaniita ndani. Nikaanza kufikiri kwamba labda mama amelizoea lile gunia.

Alikuja siku moja mchana, mvua ikiwa imepumzika. Alitokea kwenye kona na kitambaa chake chekundu, viatu mkononi, matope mpaka magotini, kiondo mgongoni. Kiondo kilikuwa kimejaa majani mabichi ya kunde na maembe, na kilinukia nyumbani. Alipanua mikono. Sikumkimbilia. Nilikimbia nyuma ya jiko.

Nilirudi na katoni yenye kuku wangu na vifaranga wake waliokuwa wameshaota manyoya, nikaiweka miguuni pa Tata. Nikarudi tena nikaleta maharagwe yangu kwenye karai. Mama alikuwa bado amesimama, hajatua hata kiondo.

"Tata," nikasema, "hivi ni vyako. Kama havitoshi, nitakuletea vingine. Sasa mama anichukue."

"Havitoshi nini?" Tata akauliza.

"Gunia. Lile mlilobadilishana na mimi."

Mama alianza kucheka, mkono mdomoni, halafu akamwangalia dada yake na kicheko kikakatika. Tata alikuwa ameketi juu ya kigoda bila kukitazama, kwa bahati hakikuwa mbali. Mzee Mutwiri aliinuka akasema anaenda kumwangalia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa pale pale mbele yetu.

"Wawira," mama akasema. Ilikuwa muda mrefu sijasikia jina hilo. "Mimi nikubadilishe na mahindi?"

"Ulipoondoka hukugeuka."

Akatua kiondo chini, akainama akaanza kukwangua matope kwenye mguu wake kwa kijiti, akakwangua mahali ambapo hapakuwa na matope. Hakunijibu siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Aliyesema ni Tata. "Njoo hapa." Nikaenda. "Sikiliza, mwanangu. Kiondo cha mama yako nikikirudisha kitupu, nimemwambia asije tena kwangu. Nikitia kitu, nimemwambia tutaonana. Basi, ni hilo tu. Hakuna aliyelipwa katika nyumba hii." Akayatazama maharagwe kwenye karai. "Na ile bustani, ulikuwa unalima ili uondoke?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nikafikiri…" alisema. Aliingia ndani. Alikaa huko kiasi cha mtu kunawa uso. Akatoka na lile sweta la buluu, mkono mmoja bado una uzi unaoning'inia, akaukata uzi kwa meno. Siku iliyofuata alipomjazia mama kiondo chake, aliliweka juu kabisa ya nduma ili lisipate udongo.

Maharagwe aliyapokea, karai zima, akanishukuru kwa mikono miwili kama anavyoshukuriwa mtu mzima. Kuku alimkataa. "Huyu hajabadilishwa na mtu," akasema. "Ni wako, anakaa kwangu. Utakuja kumwona." Nilitembea kwenye ile njia ya kahawa nimemshika mama sketi, furaha imenijaa mpaka naogopa kuanguka, na hata hivyo niligeuka kila hatua. Tata alikuwa amesimama uani na kuku mkononi. Aliniinulia bawa la kuku kama mkono.

Nilikwenda kumwona kuku huyo kila likizo, na alipokufa nilikwenda kuwaona watoto wake, na baadaye, bila kisingizio chochote, nilikwenda kumwona Tata. Nkubu mimi ni Kawira mpaka leo. Binti yangu wa pekee nilimpa jina la Tata, Rwamba, na siku nilipompeleka kumwonyesha, Tata alimshika uso kwa mikono miwili.

Alifariki mwaka jana. Tulipomaliza kumzika na watu wakaanza kutawanyika, Mzee Mutwiri, ambaye sasa ni mzee kweli, aliniletea kiondo. Kichwa cha kuku kilikuwa kimetokeza nje: cheusi, shingo tupu, jicho kali. "Rwamba alisema upewe," aliniambia. "Ni wa ukoo wa yule wako." Nikapokea nikilia. Nilipokuwa naondoka akaongeza, huku akisogeza kofia upande mwingine, "Kiondo utakirudisha." Nilidhani ni maneno tu ya mzee aliyefiwa. Kuku nikamwachia uani kwangu, kiondo nikakitundika kwenye msumari. Niliogopa kwenda kwenye ile nyumba na kuikuta bila mwenyewe, na kila nilipopata nafasi nilipata pia sababu ya kutokwenda.

Sasa turudi mezani kwa binti yangu. Alikuwa amepata jibu lake kwenye simu yangu. "Kilatini," akasoma, "kubadilishana mali. Halafu wanasema huenda nyuma kabisa lilitoka kwa watu wengine wa kale, na maana yake ilikuwa kupinda. Lakini hawana hakika."

"Kupinda nini?" nikauliza.

"Hawajasema."

Hiyo ndiyo sehemu ambayo Mwalimu Kanana aliisoma nami sikuisikia. Nikaiona ile kona ya kahawa na kitambaa chekundu kikipinda nayo. Rwamba akasema nimwambie basi kilichonichekesha, nami nikamsimulia yote haya, tangu mafuta ya miguuni mpaka kofia ya Mzee Mutwiri. Alisikiliza akitafuna kalamu. Nilipomaliza akakitazama kiondo nyuma ya mlango.

"Kwa hivyo hicho ni kiondo cha watu," akasema.

"Ndiyo."

"Na umekaa nacho mwaka mzima, na babu yuko peke yake?"

Watoto wa siku hizi hawana breki. Lakini nilikiteremsha kutoka kwenye msumari.

Shule zilipofungwa tulikijaza. Mawele niliagiza kwa mama Ishiara, naye akaongeza ndengu na asali bila kuulizwa. Juu tukaweka mayai ya yule kuku, tumeyafunga kwenye maganda ya mahindi yasivunjike. Mzee Mutwiri alitupokea uani. Amekonda, na jikoni mwake palinukia ugali ulioungua. Nilipomkabidhi kiondo, alikishika mkanda akakipima uzito. Kisha akamuuliza binti yangu yeye ni nani, kana kwamba hamjui.

"Rwamba."

"Rwamba," akasema. Akasema tena, "Rwamba," safari hii kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Jioni binti yangu alifukuzana na kuku uani, wale weusi wa shingo tupu wamejaa kila mahali. Mzee akamwambia kwamba wengi wao hawana mwenyewe tangu Tata aondoke, na kama mtu angekuwa na nafasi angechagua mmoja. Rwamba akanijia mbio. "Mama, nibaki kidogo? Likizo hii tu?" Nikamtazama yeye, nikamtazama mzee aliyekuwa akijifanya anamwangalia ng'ombe. Nikamwambia abaki, na asisahau kuvaa sweta asubuhi.

Kulipokucha kiondo kilikuwa mlangoni kimefura kwa ndizi. Nilimshika binti yangu bega. "Msikilize babu. Usiwe mtoto wa kuitwa mara mbili." Nikakipachika mkanda, nikainama, nikaishika ile njia. Nilijua amesimama uani. Nilijua anangoja nifike kwenye mparachichi, na nilipoupita nilijua anangoja kona. Machozi yalikuwa yamenifika kidevuni, na kama ningegeuka angeyaona, na kama ningeyaona yake ningerudi kumchukua. Nikafika kwenye kona, nikapinda nayo, sikugeuka.